Mtu wa Saba Ukutani

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mvi. Hazikuwa nyingi, lakini zilitosha kumfanya mwalimu wetu wa historia, kijana ambaye ningeweza kumzaa mara mbili, aniite "mzee" mbele ya darasa zima. Mchana nilikuwa fundi cherehani hapa mjini, Bombambili. Jioni, nyuzi zikiwa bado zimening'inia kwenye sweta, nilikuwa mwanafunzi. Madawati yalikuwa ya watoto wa shule ya msingi, kwa hiyo tulikaa magoti yakiwa karibu na masikio, tukasoma hivyo hivyo.

Siku ya mtihani wa majaribio likaja swali: Vita vya Kagera vilidumu kwa muda gani? Nikaandika mwezi vilipoanza, nikaandika mwezi vilipoisha, nikatoa, nikapata jibu lisilofika hata mwaka mmoja. Kijana yule akanipigia vema kubwa, iliyogusa pembe zote nne za karatasi. Tangu nizaliwe sikuwahi kupata vema ya namna ile. Kwa muda wa miezi mitatu sikuweza kuomba chumvi mezani bila kuitaja Kagera. Wateja walioleta suruali kupunguza walirudi nyumbani na suruali ndefu vilevile, lakini wakijua vita vilidumu muda gani.

Sifa hizo zilifika hadi kwetu Maposeni. Huko kijiji kilikuwa kimeamua kujenga ukuta mdogo wa kumbukumbu karibu na kanisa letu la kigango, wa vijana wetu waliokwenda Kagera wasirudi. Majina yangechongwa kwenye saruji, na kila mwaka, Novemba, mwezi ambao sisi Wakatoliki tunawaombea marehemu wetu, yangesomwa kwa sauti na watu wakaitikia. Kamati ikatafuta katibu. Wakasema kuna mtu wetu mjini ana cheti, na vita anavijua kwa kichwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, aliyeletwa kwetu kutoka mikoa ya kaskazini kwenye ajira yake ya kwanza, akaoa Mngoni, akalima, akasahau kurudi. Kila mtu anamwita Mwalimu, hata mkewe. Katika kikao cha kwanza Mwalimu akauliza nani aingie ukutani na nani asiingie. Watu wakaanza kusimulia. Mimi nikasimama, nikakohoa kidogo kama wanavyokohoa wasomi, nikasema, "Ndugu wajumbe, jambo hili ni la kitaalamu. Vita vina mwanzo na vina mwisho. Aliyekufa katikati ya hapo amekufa vitani. Aliyekufa nje ya hapo amekufa tu."

Nikapigiwa makofi. Mwalimu akasema hiyo ndiyo faida ya elimu.

Tukaletewa daftari la zamani la katekista, ambamo yaliandikwa majina ya vijana wa Kagera waliofanyiwa matanga kijijini wakati wa vita. Yalikuwa saba. Nikayapitia kwa kalamu nyekundu niliyoinunua kwa ajili ya kazi hiyo. Sita hawakuwa na tatizo. Wa saba nilimfahamu vizuri, kwa sababu nilikuwa nimekula naye mahindi ya kuchoma mara nyingi miaka kadhaa baada ya vita kuisha. Alikuwa mume wa shangazi yangu, dada wa baba. Nikamkata kwa mstari mmoja ulionyooka.

Hapa ni lazima nieleze, maana asiye wa kwetu ataona ninachanganya mambo.

Mume wa shangazi alikuwa mgambo. Alichukuliwa pamoja na wenzake wakati nchi nzima ilipokuwa inaimba, akaondoka akipunga kofia. Baada ya muda askari mmoja wa kijiji cha jirani akarudi na jeraha na habari: alimwona akianguka, na pale alipoanguka hapakubaki kitu cha kuzika. Wazee wakafanya kinachofanywa. Wakakata mgomba, wakaupima urefu wa mtu, wakauvika shuka, wakauzika. Shangazi akanyolewa. Matanga yalikaliwa, fahali akaliwa, pombe ya komoni ikanywewa hadi mitungi ikaomba radhi, na Mwalimu, wakati huo kijana mwenye sauti na suruali ya mchinjo, akasoma wasifu wa marehemu kaburini. Nasikia hata kuku walilia.

Vita vikaisha. Tukaambiwa tufunge mikanda kwa muda, na nawajua watu ambao hadi leo hawajapata habari kwamba wanaweza kuifungua. Siku moja lori la mahindi likasimama njia panda, akashuka mume wa shangazi, amekonda, ana buti za mtu mwingine mwenye miguu mikubwa. Mwanamke wa kwanza kumwona aliacha ndoo, kanga na mtoto. Babu yangu alimsimamisha mbali, karibu na kichaka cha mipaka, akamhoji.

"Kama ni wewe, mbwa wako ana rangi gani?"

"Mwekundu. Amekufa?"

"Bado."

"Basi na mimi bado."

Akaruhusiwa kupita. Lakini kijiji kilikuwa kimeshamzika, na kijiji chetu hakipendi kurudia kazi. Wakampa jina la Marehemu. Hawakuwa na ubaya, ilikuwa tu rahisi zaidi. "Marehemu, karibu chai." "Marehemu amesema anakuja kutengeneza paa." Na yeye aliitika. Alilima kidogo kuzunguka kaburi lake mwenyewe, akang'oa magugu.

Kitu kimoja tu hakikuwa sawa. Wiki ya pili baada ya kurudi alichimba handaki nyuma ya nyumba, katikati ya shamba la mahindi, refu kuliko mahandaki tuliyochimbiwa shuleni wakati wa vita, na akahamia humo. Chakula alipelekewa humo. Buti hakuvua. Kila ndege ndogo ilipopita kuelekea Peramiho alitoka mbio, akatukusanya watoto wote wa karibu, akatusukuma ndani, akatufunika na majani, halafu ili tusipige kelele akatugawia mahindi ya kuchoma. Sisi tulikuwa tunaziombea ndege zije. Mimi ninaposema nimepigana vita watu hucheka, lakini nimepigana, nikitafuna. Nakumbuka pia kwamba yeye hakutafuna; alinikandamiza kichwa chini mpaka ndege ilipopotea, na nilidhani ni mchezo.

Msimu wa tisa ulikuja na mvua ya kuzamisha tembo na mizigo yake. Asubuhi moja kuta za handaki zikaanguka naye akiwa ndani. Wanaume wakamtoa kwa majembe, ameshakufa. Wakaenda kufukua kaburi lile lile, maana mgomba ulishaoza na nafasi ilikuwa yake, wakamlaza, wakafukia. Na wazee wakakata shauri: mtu haliliwi mara mbili. Kumlilia mara ya pili ni kuita kifo kingine katika nyumba. Wakamwambia shangazi anyamaze, ulishalia, ulishanyolewa. Waliokuja walipiga koleo, wakanawa mikono, wakaenda mashambani, maana mvua ilikuwa nzuri. Baba alinisimulia kwamba siku ile shangazi alipalilia mpaka jioni.

Huyo ndiye niliyemkata kwa kalamu nyekundu.

Wiki ile ile shangazi akateremka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu cha ushonaji, amefunga kitenge kichwani na ameshika boga kifuani kama mtoto. Ana miaka sabini na kitu. Akaweka boga juu ya mashine, juu ya sare ya mtoto wa watu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nasikia umemaliza shule."

"Nimemaliza, shangazi."

"Na vita nayo umeimaliza."

Nikatafuta sindano iliyokuwa mkononi mwangu.

"Ilikuwa ya miezi mingapi hiyo ya kwenye cheti?"

Nikamwambia. Nilikuwa bado naipenda ile namba.

"Mwee! Fupi hivyo? Wenzetu mlifaidi." Akavuta kigoda, akakaa. "Mimi nililima misimu tisa peke yangu. Mwenzangu yuko shimoni analinda. Analinda nini? Mahindi. Anayalinda na nani? Sijui, hata yeye hajui. Nikienda kumwita aje kulala ndani ananiambia, rudi nyuma mama, hapa si mahali pa raia. Mimi! Mke wake, ananiita raia! Sasa niambie wewe mwenye cheti: mtu ana buti, yuko handakini, anakaa zamu, mkewe hamjui. Huyo yuko vitani au yuko nyumbani?"

"Lakini alirudi, shangazi. Watu walimwona."

"Na amefia wapi?"

"Handakini."

"Askari akifia handakini, huko kwenye vitabu vyenu mnaandika amekufa kwa nini? Kwa mafua?"

Mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake akacheka, kisha akaona haya, akatoka nje kuangalia barabara.

"Shangazi, kwani unataka nini hasa?"

Hapo ndipo sauti yake iliposhuka. "Nataka asomwe. Wa mgomba mlimlilia, nikawasaidia kulia. Yeye mwenyewe alipokufa mkanifunga mdomo. Kwenye matanga hayupo kwa sababu alirudi. Kwenye waliorudi hayupo kwa sababu mlishamzika. Lilibaki daftari la katekista tu. Kila Novemba nilikuwa najua, yumo. Juzi katekista ananiambia, 'Amekatwa na mtoto wa kaka yako.' Mimi nimezeeka, mwanangu. Nikienda na mimi, nani atajua kama yule mtu alikufa?"

Akainuka bila kusubiri jibu. Akaondoka na bodaboda ile ile. Boga akaniachia.

Kikao kilichofuata niliingia nikiwa nimejipanga kuipindua kanuni niliyoitunga mwenyewe, kazi ambayo hawatufundishi masomo ya jioni. Niliongea nusu saa. Nilisema vita vina mwanzo wa kitaalamu na mwisho wa kitaalamu, lakini pia kuna mwisho wa kijijini. Nilitaja handaki, buti, misimu tisa. Nilijihisi wakili wa Arusha na joho juu. Mwalimu akanisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akayafumbua.

"Katibu, kanuni aliitunga nani?"

"Mimi, Mwalimu."

"Ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa nzuri sana, Mwalimu."

"Basi. Tukimwingiza huyu, vita itaisha lini? Kila aliyerudi na kikohozi atadai ukuta."

Na kweli, kabla hajafunga mdomo mikono ikaanza kupanda. Mmoja baba yake alirudi mzima kabisa lakini akaanza kunywa. Mwingine kaka yake hakwenda Kagera, alikwenda Tunduru kwenye madini, ila alikwenda kwa sababu ya njaa ya baada ya vita. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake akasema kama ni hivyo, babu yake aliuawa na Wajerumani wakati wa Majimaji, na familia bado haijaridhika.

"Kaa chini, mzee wangu," Mwalimu akamwambia. "Wa Majimaji wanakumbukwa mjini kila mwaka."

"Wangu hajatajwa!"

"Kaa chini kwanza!"

Ukuta wetu ulikuwa wa urefu wa meza mbili. Kwa hesabu yangu ya haraka, ungehitaji kufika Mbinga.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, walikokaa akina mama. Shangazi hakuwa mjumbe. Alikuja na chupa ya chai ya kamati.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza, mama yangu."

"Siku tuliyozika mgomba, nani alisoma wasifu?"

Mwalimu akajiweka sawa kwenye kiti. "Nilisoma mimi."

"Ulisema mume wangu amefia wapi?"

"Mama, wakati ule taarifa tulizokuwa nazo..."

"Sijauliza taarifa. Ulisema amefia wapi?"

"Vitani."

"Kwa kunong'ona?"

"Kwa sauti."

"Kwa sauti ipi, Mwalimu! Ng'ambo ya mto walisikia. Ulisema amemwaga damu kwa ajili ya nchi, ulisema kijiji hakitamsahau. Watu wakalia, mimi nikaanguka. Sasa siku aliporudi, ulikuja pale kaburini kuufuta wasifu wako?"

Mwalimu akavua miwani.

"Sikuja, mama."

"Kumbe wasifu unaendelea. Au uliwadanganya watu mbele ya kaburi?"

Kwetu hapo ndipo pagumu. Mtu anaweza kudanganya kwenye mkutano wa kijiji, kwenye mizani ya mahindi, hata kwenye kitubio kidogo. Lakini neno lililosemwa kwa sauti juu ya kaburi lililo wazi, watu wote wakiwa wamevua kofia, hilo halirudishwi. Wasifu ukishasomwa, mlevi alikuwa mcha Mungu, na itabaki hivyo. Hata watoto wake wakimkumbuka vingine watakaa kimya. Mwalimu, pamoja na kutoka mbali, alikuwa amekaa nasi miaka ya kutosha kulijua hilo. Akaangalia dari, akaangalia chai, akafuta miwani kwa shati.

"Katibu."

"Naam, Mwalimu."

"Andika: kilichosomwa kaburini hakifutwi na kamati."

Nikaandika haraka kabla hajapona. Yule mzee wa Majimaji akauliza kama na babu yake alisomewa wasifu, akaambiwa akatafute aliyeusoma.

Likabaki suala la miaka. Tulikuwa tumepanga kuchonga juu ya majina mwaka vita vilipoanza na mwaka vilipoisha. Mwaka wa kuanza fundi akauchonga. Kuhusu wa kuisha, kila aliyeulizwa alimwangalia mwenzake. Mimi, mwenye vema, nilisema tusubiri kidogo. Mpaka saruji ikakauka bado tunasubiri. Siku ya uzinduzi afisa mmoja aliyekuja kutoka wilayani akasimama mbele ya ukuta, akaonyesha ile nafasi tupu kwa kidole.

"Hapa mbona hamjamalizia?"

"Saruji ilituishia, mheshimiwa," Mwalimu akamjibu bila kupepesa jicho.

Ilikuwa mchana wa Novemba, mawingu ya mvua ya kwanza yakianza kukusanyika. Katekista alisali, kisha mimi nikapewa karatasi. Nilisoma jina moja moja, familia yake inasimama, watu wanamwombea raha ya milele, inakaa. Sita wakapita vizuri. Nikasoma la saba, jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo.

Hakuna aliyesimama. Watu wakaangaliana. Nikasoma tena. Mama mmoja akamuuliza jirani yake, "Ni nani huyo, wa kuja?" Ndipo nikaelewa kwamba hakuna mtu chini ya miaka sitini aliyewahi kulisikia jina lile. Nikalazimika kuongeza, mbele ya afisa wa wilaya, "Yaani marehemu Marehemu." Aah, wakasema wote, na wakaitikia kwa sauti kuliko walivyowaitikia wale sita wengine. Ndugu zake wawili wakasimama, wakiwa wamechelewa, wakifuta suruali.

Lakini shangazi hakuwepo. Nilimtafuta kwa macho upande wa akina mama, nikamtafuta chini ya paa la kigango. Nikafikiri tumemuudhi, au amezidiwa, au nimefanya yote yale na aliyekuwa anayataka hajayasikia. Shughuli ilipomalizika tu, watu wakiwa bado wanapiga picha na ukuta, nikakata njia ya mashambani kwenda kwake, nikikimbia na viatu vya kuazima.

Nilianza kuona moshi kabla ya kuona nyumba. Uani kulikuwa na meko matatu, na juu ya kila jiko sufuria la shughuli, lile la kuogeshea watoto wanne. Maharage yalikuwa yameiva. Unga ulikuwa umechungwa, umejaa beseni mbili. Mikeka ilikuwa imetandikwa tangu mlangoni hadi kwenye mipaka ya shamba, iliyo mipya na iliyochanika, kuni zimepangwa ukutani, maji yamejaa ndoo zote. Wifi yake mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi, na pembeni yake bakuli la maji na wembe ambao haujatolewa kwenye karatasi yake.

Shangazi alikuwa anakoroga sufuria. Hakugeuka.

"Umesoma?"

"Nimesoma, shangazi."

"Vizuri? Jina lote?"

"Jina lote. Mara mbili."

"Wameitikia?"

"Wameitikia mpaka afisa akashtuka."

Akatoa mwiko, akaugonga ukingoni, akalifunika sufuria. Akafungua kitenge kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kuni. Nilikuwa bado nimesimama, nahema, nataka kumwambia habari za mwaka usiochongwa na jibu la Mwalimu.

"Basi kaa chini," akaniambia. "Msibani mtu hasimami."

Nikakaa. Naye akakaa kwenye mkeka katikati ya uwanja, akanyoosha miguu mbele, na akaanza kumlilia mumewe kwa Kingoni, taratibu kwanza, kama anayejaribu njia, kisha kwa sauti yote. Akina mama waliokuwa wanarudi kutoka kigangoni walimsikia wakiwa bado mbali. Hawakuulizana kitu. Walianza kumjibu huko huko njiani, wakaja wakilia.